Kabati la bibi yako halina miaka mia mbili

Wiki hii pekee nimeletewa makabati mawili niyakadirie umri na bei. La kwanza lilikuja kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne, la pili kwa picha moja ya gizani yenye maelezo mafupi: "La marehemu bibi, lina miaka mia mbili, tunataka bei tugawane." Kwa nini siku zote ni mia mbili? Sijawahi kuletewa kabati la miaka tisini na tatu.

Hesabu yenyewe naijua. Bibi alifariki akiwa na tisini, kabati alilikuta kwa mama yake, mama naye alilikuta kwa mkwewe. Basi watu wanajumlisha umri wa wote watatu. Jamani, umri wa watu haujumlishwi hivyo! Bibi na mama yake waliishi pamoja miaka arobaini, na hiyo arobaini mmeihesabu mara mbili. Isitoshe, hakuna aliyesema kabati lilikuwa jipya siku mkwe alipolipata, wala kwamba hakulinunua uzeeni.

Halafu tuseme ni kweli. Miaka haina bei. Kwenye vitabu vya forodha, kitu kikizidi miaka 100 huingia kundi la vitu vya kale, na maana yake inaishia hapo hapo forodhani. Kiti namba 14 cha fundi samani Michael Thonet kilitoka mwaka 1859, na kufikia 1930 vilikuwa vimeuzwa makumi ya mamilioni. Ni kiti kizuri, ni cha kale, na bado vipo vingi mno hata mtu asigombane na ndugu zake kwa ajili yake. Kinachotafutwa ni kilicho adimu, kilichoundwa vizuri, kilichobaki kama kilivyoundwa, na ambacho kuna mtu leo anakitaka. Hilo la mwisho warithi hawapendi kulisikia.

Majina makubwa nayapitia haraka. "Ni Chippendale" maana yake, mara nyingi, ni kwamba kiti kina mgongo wa namna fulani. Thomas Chippendale, seremala wa London, alichapisha michoro yake mwaka 1754, na seremala yeyote aliyekuwa na kitabu aliweza kuiiga, hata miaka mia na hamsini baadaye. Mihuri ina msaada zaidi. Muhuri wa chama cha maseremala wa Paris wenye herufi JME ni wa kabla ya 1791, vyama hivyo vilipovunjwa, ingawa muhuri nao hughushiwa. Na jina la nchi likiwa limeandikwa kwa Kiingereza, mara nyingi kitu hicho kiliuzwa baada ya sheria ya Marekani ya 1890 iliyolazimisha bidhaa za nje kutaja zilikotoka. Basi.

Sasa droo. Mimi sitazami mbele ya kabati. Mbele ndiko fundi alikojipamba. Navuta droo, naigeuza, namulika tochi kwa ubavu. Chini na nyuma, ambako hakutegemea mtu achungulie, fundi hakuwa na haja ya kusema uongo. Alama za msumeno zikiwa mistari ya pinde, mbao ilipasuliwa kwa msumeno wa duara, na huo ulienea karne ya 19. Mawimbi madogo unayoyasikia kwa ncha za vidole ni ya randa ya mkono. Kwenye pembe, meno yanayoshikanisha mbao yakiwa machache, yasiyolingana, na kuna mstari mwembamba aliouchora fundi kujipimia, yamekatwa kwa mkono. Yakiwa yote sawasawa kama ya kitana, ni mashine. Kuna aina moja naipenda sana, nusu duara zenye kipande kama kigingi katikati. Mashine yake ilipata hataza Marekani mwaka 1867, na kufikia 1900 hivi mtindo ulikuwa umekwisha. Ni nadra kitu kukupa dirisha jembamba kiasi hicho.

Hapa ndipo wanaponichosha wale waliosoma kidogo. Wanakuja na skrubu moja. "Angalia, ncha butu, mfuo wa bisibisi haupo katikati, kwa hiyo ni kabla ya 1850!" Au kinyume chake, huzuni usoni, kwa kuwa wameona skrubu ya kichwa cha msalaba, ambayo haikuwepo sokoni kabla ya miaka ya 1930. Nyote wawili tulieni. Skrubu inakuambia umri wa skrubu. Babu anaweza kuwa alikaza bawaba mwaka 1962, na fundi mjanja anaweza kung'oa misumari ya zamani kwenye kabati kuukuu lililooza akaipigilia kwenye kazi ya juzi. Swali la kwanza ni hili: je, kitu hiki kilikuwepo hapa tangu siku ya kwanza? Ifungue skrubu. Tundu lina njia moja au limewahi kubeba nyingine nene zaidi? Mbao inayoizunguka imeshika weusi wa kutu au ni safi kama jana? Vishikio hivyo hivyo: tazama upande wa ndani wa droo, utaona matundu yaliyozibwa ya vishikio vya kwanza, na pengine vya pili.

Ninachotafuta ni mashahidi wanaokubaliana bila kupangana. Droo iliyovutwa vizazi vitatu imelika kingo zake za chini, na reli inayopitia lazima iwe imelika kwa kiasi hicho hicho. Kiti huchakaa ubao wa mbele, miguu inapokanyagia. Ukichakaa na wa nyuma vilevile, kuna mtu alipitisha tupa. Meza ya mviringo ya mbao nzima ipime kipenyo mara mbili, kwa kufuata nyuzi na kwa kuzikata. Mbao hunywea kwa upana, si kwa urefu, kwa hiyo meza kongwe ambayo bado ni duara kamili inanitia wasiwasi. Na bungua! Watu hufurahia vitundu vya bungua kama cheti cha kuzaliwa. Kitundu cha mviringo ni mlango wa kutokea. Njia zake ziko ndani, zimepinda. Ukiona njia hizo zimelala wazi juu ya ubao kama mifereji, ubao ulikatwa baada ya kuliwa. Mbao ni kongwe, kabati ni kijana.

Nikiri jambo. Kuanzia kama 1850 hadi 1910 mimi mwenyewe huwa napapasa. Kiwanda kimoja kilikuwa na mashine mapema, huku seremala wa karakana ndogo akikata meno kwa mkono kama alivyofundishwa na baba yake, hadi karne ya 20. Kwenye karatasi naandika "robo ya mwisho ya karne ya 19" kwa mwandiko wa kujiamini, moyoni nina miaka hamsini ya kuchezea. Na asikutishe mtu kwa cheo chake. Mwaka 2016 kashfa ilipolipuka Ufaransa, ilionekana kwamba hata kasri la Versailles lilikuwa limenunua viti bandia vya karne ya 18.

Na sasa lile linalonipandisha presha: "Nimelipiga msasa kidogo na vanishi ili ulione vizuri." Umeniondolea nilichokuja kukiona. Ule weusi wa mikono kandokando ya kitasa, tofauti ya rangi kati ya palipopigwa jua na palipojificha, shelaki, ile vanishi ya zamani, iliyopasuka vijistari, hivyo ndivyo vilivyokuwa vikisema. Kama vinia, lile ganda la mbao nzuri linalogandishwa juu, ni ile nene iliyopasuliwa kwa msumeno, msasa umeipunguza. Kama ni ya mashine, isiyofika milimita moja, huenda umeitoboa. Sisemi kila kitu kisiguswe. Kabati la kiwandani la 1935 lililobabuka, lipake upendavyo. Tatizo ni kwamba unaamua lipi ni lipi kabla hujajua.

Bei, kwa ufupi, kwa kuwa hapa watu huacha kusikiliza. Bei uliyoiona kwenye intaneti ni ombi la muuzaji. Tafuta bei ambayo kitu kama hicho kimeuzwa mnadani, kisha toa kamisheni. Thamani ya bima huwa juu zaidi, kwa kuwa ni gharama ya kununua mbadala dukani, kwa hiyo usiipeleke kwenye kikao cha mirathi. Samani nzito za mbao nyeusi zimeshuka sana tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na kabati lisilopita mlangoni lina wanunuzi wachache hata likiwa zuri. Na kabla ya kuliuzia mtu wa nchi nyingine, ujue mbao na mapambo yake: pembe za ndovu zina sheria zake, na mbao ya rosewood ya Brazili imewekewa ulinzi mkali zaidi wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu 1992.

Ukitaka kuniletea picha, nataka droo iliyogeuzwa, pembe yake kwa karibu, mgongo wa kabati, chini ya miguu, na skrubu moja iliyofunguliwa, mwanga ukitoka ubavuni. Chombo cha maua kiondoe.