Kabla Hujarudisha Funguo: Kusafisha Nyumba ya Kupanga Bila Kujidhuru

Kazi yangu ya afisa afya wa mazingira hunipeleka mara kwa mara katika nyumba ambazo wapangaji wake wametoka siku hiyo au jana yake. Nikifungua mlango huanza kwa kunusa. Uvundo wa koga huniambia kuna ukuta wenye unyevu nyuma ya mahali kabati liliposimama. Harufu ya choo katika nyumba ambayo choo chake kinang'aa huniambia kuna tundu la maji lililokauka. Na harufu ya klorini inayowasha macho tangu mlangoni huniambia kuna mtu aliyekesha humu, amechoka, amejifungia bafuni, akimimina kila dawa aliyokuwa nayo.

Huyo wa mwisho ndiye ninayemwogopea zaidi. Wengi husafisha nyumba wanayohama kwa ajili ya amana, na wana haki ya kuidai amana yao. Lakini kwetu sisi wa afya kuna watu wawili wa kufikiriwa kabla ya fedha: yule anayesafisha, na yule anayekuja kuishi humo, ambaye huenda ana mtoto anayetambaa na kutia mikono mdomoni. Nyumba ikisafishwa kwa ajili ya hao wawili, mwenye nyumba hatapata pa kushika.

Usiiache kazi hii hadi usiku wa mwisho. Uchafu mkaidi huondolewa na muda kuliko nguvu: mafuta yanataka kulowekwa, friza inataka saa nyingi kuyeyusha barafu, ukuta uliooshwa unataka siku nzima kukauka. Siku 3 kabla ya kuondoka, soma mkataba na orodha ya ukaguzi mliyosaini ulipoingia, kama ipo, maana ndiyo itakayotumika kukupima. Mikataba mingi hutofautisha uharibifu na uchakavu wa kawaida. Rangi iliyopauka kwa jua au sakafu iliyosuguliwa na nyayo za miaka ni uchakavu. Kigae kilichopasuka ni uharibifu. Piga picha za kila chumba kikishakuwa tupu na safi, mchana, mapazia yakiwa yameondolewa.

Mpangilio wa kazi ni mwepesi. Toa vitu kwanza. Anzia darini ushuke sakafuni, fagia na kufuta vumbi kabla ya kugusa maji, na anzia chumba cha ndani kabisa ukielekea mlangoni. Vumbi likilowa kabla ya kufagiliwa huwa tope, na tope hilo ndilo hukaa kwenye pembe na reli za madirisha. Ukifika kwenye swichi na soketi, zima umeme kwenye swichi kuu, kisha futa kwa kitambaa kilichokamuliwa sana.

Jikoni: mafuta yaondolewe kwa kulowekwa

Sogeza jiko litoke ukutani uinamishe kichwa uangalie. Mara nyingi utakuta utando wa kahawia unaonata kama gundi, ulioshika vumbi na nywele hadi umekuwa mnene kama kipande cha kitambaa. Hayo ni mafuta yaliyopanda na mvuke wa sufuria, yakatua ukutani, kisha joto na hewa vikayakausha mwezi baada ya mwezi. Ukiyasugua yakiwa makavu utachoka wewe na utakwaruza rangi.

Mafuta hushindwa na alkali. Changanya maji ya moto, sabuni ya maji na magadi soda. Lowesha kitambaa cha zamani, kibandike juu ya utando huo na ukiache dakika 15 au 20. Ukikibandua utaona kitambaa kimebadilika rangi, na ukuta unateleza kidogo ukiugusa kwa kidole. Hapo sasa tumia kikwaruo cha plastiki, kisha suuza kwa maji safi mara 2, kwa sababu masalia ya sabuni hunasa vumbi jipya. Vichujio vya kofia ya kutolea moshi na vyuma vya juu ya jiko vinafaa kuzamishwa kwenye maji hayohayo. Tahadhari ni moja: alkali huipa alumini madoa meusi, kwa hiyo ukikuta sehemu ya alumini tumia sabuni ya kawaida peke yake.

Friji ikiwa si yako lakini imo nyumbani, ichomoe siku moja kabla na uweke taulo chini yake. Barafu isichokolewe kwa kisu kamwe. Mabomba membamba ya gesi hupita nyuma ya ukuta wa friza, na ncha ya kisu hutosha kuyatoboa. Gesi ikishatoka, friji hiyo ni ya kupelekwa kwa fundi. Ikishakauka, acha mlango wake wazi kidogo, la sivyo koga itaota ndani kabla mpangaji mpya hajaja.

Bafuni: hapa ndipo watu huumia

Uchafu wa bafuni uko wa aina 3, na kila aina ina dawa yake. Utando laini wa sabuni na mafuta ya mwili hutoka kwa sabuni na maji ya moto. Ule ukoko mweupe mgumu kwenye bomba na kuta za choo ni chokaa iliyoachwa na maji magumu, nao huyeyushwa na asidi kama siki: zungushia kitambaa kilicholowa siki, subiri nusu saa. Usitumie asidi kwenye jiwe la marumaru asilia wala sakafu ya terazo, maana nayo ina chokaa na italiwa. Madoa meusi kwenye mistari ya katikati ya vigae ni koga, na hapo ndipo watu hukimbilia klorini, yaani ile dawa ya maji ya kung'arishia nguo nyeupe.

Sasa fikiria mtu anayetaka kumaliza yote kwa mpigo. Amemimina dawa ya asidi chooni, doa halijatoka, anaongeza klorini juu yake. Vikikutana hutoa gesi ya klorini. Gesi hiyohiyo ndiyo iliyofunguliwa na jeshi la Ujerumani karibu na Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, ikaua askari kwenye mahandaki. Ni nzito kuliko hewa takribani mara mbili na nusu, kwa hiyo hutuama chini, palepale kilipo kichwa cha mtu aliyepiga magoti anasugua. Dalili zake ni kukohoa, kubanwa kifua, na macho kutoa machozi. Klorini ikikutana na amonia, ambayo imo kwenye baadhi ya dawa za kusafishia vioo, hutoa gesi za kundi la kloramini, nazo huumiza mapafu vilevile. Mkojo pia una viambato vinavyozalisha gesi hizo, ndiyo maana choo huvutwa maji kwanza kabla ya kutiwa klorini.

Kwa hiyo tumia dawa moja kwa siku moja katika chumba kimoja. Leo asidi, suuza kwa maji mengi, kesho klorini. Soma kibandiko, maana dawa nyingi za choo ni asidi bila jina hilo kuandikwa kwa herufi kubwa, na za kuzibulia mabomba mara nyingi zina kostiki inayounguza ngozi. Vaa glavu za mpira, fungua dirisha na mlango, na toka nje kila baada ya dakika chache. Kifua kikianza kubana usibaki kumalizia. Toka kwenye hewa safi, na hali yako isiporudi haraka nenda kituo cha afya. Dawa ikiruka machoni, suuza kwa maji yanayotiririka kwa dakika 15 bila kupunguza, hata kama maumivu yametulia. Aliyemeza asilazimishwe kutapika, kwa sababu kinachounguza kikishuka huunguza tena kikipanda.

Kuna jambo lingine kuhusu klorini ambalo watu hulikosea. Haioshi. Uchafu huila nguvu yake, kwa hiyo ukiimimina juu ya uchafu umepoteza dawa. Osha kwa sabuni, suuza, ndipo uipake. Ichanganye na maji baridi, maana maji ya moto huiharibu, na mchanganyiko wa jana umwage, utengeneze mpya. Kwenye ukuta wa plasta, klorini hupausha weusi wa juu tu, nyuzi za koga zikabaki ndani. Unyevu ndio mzizi wa koga: kitu kilicholowa kikikaushwa ndani ya saa 24 hadi 48, kwa kawaida haipati nafasi ya kuota. Ukuta ukivuja, osha kwa sabuni, kausha, halafu mwandikie mwenye nyumba kwamba kuna uvujaji. Kupaka rangi juu yake ni kumwachia mwenzako ugonjwa wa kifua.

Panya, mende na kunguni

Kabati kubwa likisogezwa, vinyesi vya panya huonekana mara nyingi, na mkono wa kwanza hukimbilia ufagio. Uzuie. Vinyesi na mikojo ya panya huweza kubeba vimelea, na kufagia vikiwa vikavu hupandisha vumbi hadi puani. Fungua madirisha nusu saa. Vaa glavu, kisha nyunyizia mchanganyiko wa klorini, sehemu 1 kwa 9 za maji, mpaka vilowe chapachapa. Subiri dakika 5, viokote kwa karatasi, vifungie kwenye mfuko, ndipo upige deki.

Maboksi ya kuhamia nayo yatazamwe. Mende hupenda kujificha na kuacha vifuko vya mayai kwenye mikunjo ya karatasi ngumu, hivyo boksi lililokaa jikoni miezi mingi lisisafirishwe. Kunguni huweza kukaa miezi bila kula, kwa hiyo chumba kuwa tupu hakuwaui. Kama wamo, sema wazi. Fua matandiko kwa maji ya nyuzi 60 na umwambie mwenye nyumba apige dawa kabla ya mtu mwingine kuingia. Najua aibu inayowafunga watu midomo hapa. Kunguni hawachagui nyumba chafu, na kunyamaza huwasambaza.

Matobo ya misumari yazibwe kwa pati na kusawazishwa. Katika nyumba ya zamani, usisugue rangi kavu kwa msasa. Rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi. Marekani ilipiga marufuku rangi hizo majumbani mwaka 1978 tu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na wanaoumia zaidi ni watoto. Lowesha msasa, kusanya tope lake lote, ufute sakafu.

Dakika za mwisho

Pipa la maji utakaloliacha lisimwagwe tu. Mbu anayeeneza homa ya dengi hubandika mayai kwenye ukuta wa ndani wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hayo huvumilia ukavu kwa miezi. Mpangaji mpya akijaza maji, yataanguliwa. Sugua ukuta huo kwa brashi ngumu, suuza, uligeuze pipa mdomo chini.

Chini ya kila sinki bomba limepinda kama herufi U, na maji yanayobaki kwenye pindo hilo ndiyo huzuia harufu na mende wasipande kutoka kwenye mfereji. Nyumba ikikaa wiki kadhaa bila mtu, maji hayo hukauka. Kabla ya kutoka, mimina lita 1 ya maji katika kila tundu, hasa lile la sakafuni bafuni ambalo halitumiki sana.

Kisha fungua kila kabati mara ya mwisho, la chini ya sinki kwanza. Hapo ndipo hubaki chupa ya soda yenye mafuta ya taa, kopo la sumu ya panya bila kibandiko, nusu chupa ya asidi, vidonge vya mwaka juzi. Chukua vyote uondoke navyo, hata kile unachodhani kitamfaa mwenzako. Mtoto wa mpangaji mpya atafungua kabati hilo kabla ya mama yake.

Funga valvu ya gesi, piga picha ya mita, zima swichi kuu.