Una sukari na unaona vizuri? Bado hujapimwa macho: maswali na majibu

Nafanya kazi kliniki ya macho na haya maswali naulizwa na wagonjwa wa sukari karibu kila wiki, wao au watoto wao waliowaleta. Nayajibu hapa kwa sababu wengi tunaonana nao wakiwa wameshachelewa.

Retina ni nini?
Ni utando mwembamba ulioko nyuma kabisa ndani ya jicho. Unapokea mwanga na kutuma taarifa kwenye ubongo, ndo unaona. Katikati yake kuna kasehemu kadogo kanaitwa makula, hako ndo kanakusaidia kusoma meseji na kumjua mtu kwa sura.

Sukari inafikaje huko?
Sukari ikikaa juu muda mrefu inachakaza mishipa midogo ya damu, inaanza kuvuja kama bomba bovu na makula inavimba. Mingine inaziba kabisa, sasa retina ikikosa hewa inaotesha mishipa mipya, na usifurahie hiyo mipya maana ni dhaifu, inapasuka, damu inamwagika ndani ya jicho, baadae linatokea kovu linaivuta retina mpaka inabanduka. Ukiwa na presha pia, yote haya yanakwenda mbio zaidi.

Lakini dokta mbona mimi naona vizuri tu?
Hili ndo swali linalopofusha watu. Kuona vizuri sio ushahidi kwamba retina ni nzima. Narudia, kuona vizuri SIO ushahidi. Mishipa inaweza kuvuja pembeni miaka na miaka bila maumivu, bila jicho kuwa jekundu, bila kuwasha, na wewe unasoma gazeti kama kawaida, mpaka siku moja unaamka jicho moja limejaa kama masizi yanaelea. Siku hiyo ndo unapanda gari kuja kwetu! Wakati ugonjwa ulikuwepo siku zote ulipokuwa unasema "naona vizuri".

Basi niambie dalili za kusubiri.
Hakuna dalili za kusubiri, mama yangu. Ukisubiri dalili umeshachelewa. Sukari ya ukubwani, ile ya aina ya pili, unapimwa retina mwanzoni kabisa ukishaambiwa unayo, kwa sababu huenda ulikaa nayo miaka bila kujua. Aina ya kwanza, ile ya vijana wanaochoma insulini, kabla ya kufika miaka 5 tangu igundulike. Baada ya hapo kila mwaka, hata kama unaona mpaka sindano iliyoanguka mchangani. Na mwenye sukari akishika mimba aje mapema, miezi mitatu ya mwanzo, maana ujauzito unaweza kuuharakisha huu ugonjwa.

Mbona mwaka jana nilipimwa, nikapewa na miwani?
Kupimwa miwani sio kupimwa retina. Ulisoma herufi ukutani, ukachagua fremu, ukaondoka. Retina inaangaliwa kwa kuwekewa matone ya kutanua mboni halafu daktari anachungulia ndani, au inapigwa picha. Kama hakuna aliyechungulia nyuma ya jicho, hujapimwa. Nina wagonjwa wamebadilisha miwani mara tatu kwa mafundi wa mtaani huku makula inavimba, hela wamelipa na macho yamezidi kuharibika.

Asali ya kutia jichoni je? Na yale matone ya majani?
Hapana. Asali haifiki kwenye retina, inakuletea maambukizi tu huku mbele. Wiki unazozipoteza kwenye hiyo chupa ndo wiki ambazo jicho lingeokolewa, na anayekuuzia hayupo siku unapotuletea hilo jicho.

Nimesikia sindano ya jicho inapofusha.
Nani kakwambia? Mara nyingi ni hivi: mtu anakuja retina imeshabanduka nusu, anachomwa sindano kujaribu kuokoa kilichobaki, jicho linazimika, mtaani wanasema sindano imempofusha. Aliyempofusha ni kuchelewa. Sindano yenyewe, ya dawa ya kutuliza mishipa inayovuja, ni nyembamba sana, unawekewa ganzi ya matone, inapita kwenye weupe wa jicho, ni sekunde chache. Hatari ya maambukizi ipo ila ni nadra, na ukiona jicho linauma na kuwa jekundu siku zinazofuata, rudi siku hiyo hiyo. Kingine, sio sindano moja. Mwanzoni kawaida ni kila mwezi kwa miezi kadhaa, sasa watu wanachoma moja, wanaona afadhali, wanapotea.

Kuna matibabu gani siku hizi?
Mengi. Leza ni ya zamani na bado inafanya kazi, utafiti wa Marekani miaka ya 1970 ulionyesha inapunguza upofu mkubwa kwa zaidi ya nusu kwa wale wenye mishipa mipya. Kwenye sindano kuna Avastin, hii ilianza kama dawa ya saratani ya utumbo, ikaidhinishwa Marekani 2004, madaktari wa macho wakaona dozi ndogo inatuliza mishipa inayovuja, na 2013 WHO wakaiweka kwenye orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya macho. Ndo ya bei nafuu. Zipo Eylea na Vabysmo, hii ya mwisho iliidhinishwa Marekani 2022 na baadhi ya wagonjwa wanafika hadi miezi minne kati ya sindano na sindano. Damu ikijaa au kovu likivuta, kuna upasuaji wa kutoa ute wa ndani ya jicho. Hata kompyuta inasoma picha ya retina sasa, Marekani waliruhusu mfumo wa hivyo 2018. Ila hakuna hata kimoja hapo kinachofufua retina iliyokufa. Vyote vinalinda kilichobaki.

Si nibadilishiwe jicho?
Kinachopandikizwa ni kioo cha mbele, sio retina. Mwaka 2023 New York walipandikiza jicho zima, jicho likaishi lakini halikuona.

Nikiona mwanga kama flashi na pazia jeusi linashuka?
Acha unachofanya, nenda hospitali leo. Sio kesho, sio baada ya harusi. Hiyo inaweza kuwa retina inabanduka, hata kama huna sukari.

Naanzia wapi?
Hapo hapo kliniki yako ya sukari, waombe rufaa ya macho, usisubiri wakupe wenyewe. Hospitali kubwa za Tanzania kama Muhimbili, CCBRT na KCMC, na kwa Kenya Kenyatta au Kikuyu, zinatibu retina. Beba daftari la sukari na dawa zako zote, njoo na mtu, na pikipiki iache nyumbani maana yale matone yanakufanya uone ukungu masaa kadhaa.