Chanjo kwa wagonjwa wa moyo na mapafu: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Homa ya mafua ni ya pua na koo, moyo hauhusiani nayo."

Hii ndiyo dhana tunayoiogopa kuliko zote. Virusi vya homa ya mafua vikishika, joto hupanda, mapigo huenda mbio na oksijeni katika damu huweza kushuka. Moyo uliokwisha kuchoka unadaiwa kazi zaidi huku ukipewa hewa pungufu. Isitoshe, uvimbe unaosambaa mwilini hudhoofisha utando wa mafuta yaliyojijenga ndani ya mishipa ya moyo, na damu huwa rahisi kuganda. Utando ukichanika, damu huganda hapohapo na kuziba mshipa: huo ni mshtuko wa moyo. Utafiti wa Ontario, Kanada, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta kwamba katika siku 7 za kwanza baada ya homa ya mafua kuthibitishwa maabara, kulazwa kwa mshtuko wa moyo kulikuwa takriban mara 6 zaidi kuliko nyakati nyingine kwa watu walewale.

Ndiyo maana hatushauri mgonjwa "apumzike kwanza" miezi kadhaa baada ya mshtuko wa moyo kabla ya kuchanjwa. Jaribio la IAMI la mwaka 2021 lilichukua wagonjwa 2,571, karibu wote wakiwa wametoka kupata mshtuko, wakachomwa chanjo ya homa ya mafua au maji ya chumvi yasiyo na dawa ndani ya saa 72 za matibabu. Baada ya miezi 12, waliofariki walikuwa asilimia 2.9 kwa waliochanjwa na 4.9 kwa wengine.

"Nilichanjwa na bado nikaugua."

Inawezekana kabisa. Kingamwili huhitaji kama wiki 2 kujengeka, kwa hiyo aliyechanjwa Jumatatu akaambukizwa Alhamisi hakuwa na kinga bado. Mafua ya kawaida husababishwa na virusi vingine ambavyo chanjo hii haivigusi. Na virusi vya homa ya mafua hubadilika, ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani hupendekeza upya aina za kuwekwa kwenye chanjo mara 2 kwa mwaka, na wewe huchanjwa kila mwaka.

Kwa mwenye moyo dhaifu, swali la kuuliza ni kama alilazwa. Jaribio la IVVE, la chanjo hiihii, lilifuatilia wagonjwa zaidi ya 5,000 wenye moyo ulioshindwa kusukuma damu vizuri, katika nchi 10. Kwenye kipimo chake kikuu, kilichojumlisha vifo vya moyo, mshtuko na kiharusi, tofauti kati ya waliochanjwa na wasiochanjwa haikuwa ya kutosha kuthibitisha faida. Lakini nimonia ilipungua kwa takriban asilimia 40, na kulazwa hospitali kwa sababu yoyote kukapungua kwa kama asilimia 16.

"Chanjo yenyewe huleta ugonjwa."

Chanjo ya sindano haina kirusi hai, haiwezi kukuambukiza. Bega kuuma na homa ndogo ya siku 1 au 2 ni kinga ikiamka. Ipo chanjo ya kupuliziwa puani yenye virusi hai vilivyodhoofishwa. Mwenye ugonjwa sugu wa moyo au mapafu aiache, achome ya sindano.

Homa ikikusumbua, meza parasetamoli. Usikimbilie ibuprofeni wala diklofenaki: huzuia chumvi na maji visitoke mwilini, miguu ikavimba na pumzi ikakata, kisha lawama ikaiendea chanjo. Mwenye moyo dhaifu aendelee kujipima uzito kila asubuhi. Ukiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, awasiliane na kliniki.

"Natumia dawa za kuzuia damu kuganda, sichomwi sindano."

Unachomwa, ila mwambie mchanjaji kabla hajavuta dawa. Atumie sindano nyembamba, geji 23 au 25, kisha pamba ikandamizwe kwa nguvu angalau dakika 2 bila kusugua. Kusugua hufungua tundu lililoanza kuziba, damu ikavilia ndani ya msuli. Anayetumia warfarini ahakikishe INR yake ya karibuni, yaani kipimo cha damu kuganda, iko ndani ya kiwango alichopangiwa. Usiruke kidonge cha siku hiyo kwa uamuzi wako: bega lililovilia damu hupona, kiharusi kinacholetwa na damu iliyoganda huenda kisipone.

"Nakohoa, nisubiri nipone."

Mwenye ugonjwa sugu wa mapafu akisubiri kikohozi kiishe, hatachanjwa kamwe. Kikohozi chako cha kila siku si kizuizi, wala mafua madogo. Kinachoahirisha ni kuumwa kweli: homa kali, au kubanwa kifua kuliko kawaida yako. Prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe wa njia za hewa, nayo haizuii chanjo isiyo na virusi hai, ingawa dozi kubwa huweza kupunguza nguvu ya kinga.

"Sindano moja yatosha kwa yote."

Homa ya mafua ni kila mwaka. Numokokasi, bakteria anayeongoza kuleta nimonia, ana chanjo zake: ukipata PCV20 au PCV21, dozi 1 inatosha, ukianza na PCV15, hufuatwa na PPSV23 baada ya mwaka 1 au zaidi. Kuna pia ya UVIKO-19, na tangu 2023 ya RSV, kirusi kinachoshambulia njia ya hewa, kwa watu wazima wa umri mkubwa. Chanjo ya homa ya mafua na ya numokokasi huweza kutolewa siku moja, kila moja mkono wake. Hakikisha zote zimeandikwa kwenye kadi, jina la chanjo na tarehe, kwa sababu mhudumu asiyejua ulianza na PCV ipi hawezi kukupangia inayofuata.