Nyumba Kumi Si Polisi Wadogo: Dhana Potofu na Ukweli

Katika mitaa ya Nakuru ambamo ploti zimebanana, kama vile Kaptembwa na Rhonda, wapo wanaodhani kwamba kikundi cha ulinzi wa mtaa ni vijana wenye rungu na tochi waliopewa mamlaka ya polisi. Dhana hiyo huzaa nyingine nyingi. Mpango wa Nyumba Kumi, ulioanza nchini Kenya mwaka 2013 kwa kuiga mfumo wa Tanzania wa mabalozi, yaani viongozi wa nyumba kumi kumi, ulikusudiwa kuwafanya majirani wafahamiane na kupeleka habari kwa chifu na polisi. Hata hiyo kumi si hesabu kamili, kwa maana ploti moja yenye vyumba thelathini yaweza kuwa kundi moja.

Kuhusu kukamata, watu hukosea pande zote mbili: wapo wasemao raia haruhusiwi kamwe, na wapo waaminio kwamba mwanakikundi anaweza kumkamata yeyote anayemtilia shaka. Kifungu cha 34 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai kinamruhusu raia kumkamata mtu anayetenda mbele ya macho yake kosa ambalo polisi hawahitaji hati ili kukamata, au mtu anayemshuku kwa sababu za msingi kuwa ametenda kosa kubwa la jinai. Hata hivyo, kifungu cha 35 kinamtaka amkabidhi kwa polisi bila kukawia. Kumfungia chumbani hadi asubuhi ili ahojiwe, kumchapa, au kuingia nyumbani kwake na kupekua bila idhini si ulinzi wa mtaa. Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha ya nyumba, hata ikiwa ni ya mshukiwa.

Dhana ya hatari kuliko zote ni kwamba mwizi akiuawa na umati, mtaa hutulia. Kisheria wauaji wanaweza kushtakiwa kwa mauaji, hata kama aliyekufa aliiba kweli. Tena maiti haimtaji anayenunua mitungi ya gesi ya wizi, na mnunuzi huyo, ambaye pengine ni jirani mwenye heshima zake, hubaki na biashara yake.

Vilevile, si kila mgeni ni mwizi. Anayejua ni nani anayefanya kazi ya usiku na ni kufuli la nani limelegea mara nyingi si mgeni.

Mwisho, ujumbe uliotumwa saa saba usiku katika kundi la simu si ripoti, ingawa wengi hulala wakiamini wameripoti. Tukio linaloendelea hupigiwa 999 au 112, na anayepiga ataje mahali, idadi ya watu, mavazi, nambari ya pikipiki na upande walikoelekea. Aliyeibiwa aende kituoni mwenyewe, na asiondoke kabla ya kupewa nambari ya OB, yaani nambari ya ripoti yake katika kitabu cha matukio cha polisi, maana atakaporudi kufuatilia, hiyo ndiyo atakayoulizwa.