Paa Linaloloa Bila Mvua: Dhana Potofu na Ukweli

Doa la maji likijitokeza kwenye dari, huitwa fundi wa kupanda juu na kuziba, kisha huitwa fundi rangi afute alama. Wote wawili hulipwa, na baada ya miezi michache doa linarudi palepale. Fundi hulaumiwa, ingawa huenda aliziba vizuri kabisa. Shida ni kwamba hakuna aliyeuliza kwanza yale maji yalitoka wapi.

"Maji yakidondoka, bati limetoboka"

Si lazima. Hewa hubeba maji katika hali ya mvuke, na kadiri inavyopata joto ndivyo inavyobeba mengi zaidi. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzijoto 30 huweza kubeba takriban gramu 30 za mvuke. Ikipoa hadi nyuzijoto 10, haibebi hata gramu 10. Zilizobaki lazima ziende mahali. Kupika, kuoga, kuanika nguo ndani, hata kupumua tu usiku kucha, vyote huongeza mvuke nyumbani. Hewa hiyo hupanda, hupenya kwenye nyufa za dari, hukuta bati lililopoa na kuacha maji yake hapo.

Bati nalo hupoa kuliko wengi wanavyodhani. Usiku usio na mawingu hupoteza joto lake kuelekea angani hadi likawa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Kwa hiyo upande wake wa chini unaweza kutoa jasho hata pale ambapo hakuna anayelalamikia baridi. Asubuhi jua likilipiga, matone yaliyokuwa yameng'ang'ania huanza kuteremka, na mwenye nyumba anaapa kwamba paa linavuja.

Namna ya kutofautisha ni kutazama saa na hali ya hewa. Maji yanayokuja na mvua, hasa mvua ya upepo wa upande mmoja, ni ya kuvuja. Yanayokuja asubuhi baada ya usiku mkavu ni ya mvuke. Panda darini na tochi alfajiri: ukikuta matone yametapakaa karibu kila mahali chini ya mabati, na ncha za misumari zina kutu au zimelowa, tatizo ni mvuke. Ukikuta mchirizi mmoja juu ya ubao mmoja, tafuta tundu. Hakuna silikoni itakayotibu hali ile ya kwanza, hata ukimwaga ndoo nzima.

"Tundu liko juu ya doa"

Maji hayana haraka ya kuanguka. Yakishaingia hufuata bati, hushuka na papi (mbao zinazopigiliwa bati), huambaa na mbao za kenchi (fremu inayobeba paa), na hudondoka yanapokuta kiungo au msumari. Anza kwenye doa, kisha tafuta ukielekea upande wa juu wa mteremko. Katikati ya bati zima si pa kutilia shaka sana. Shuku pale paa linapokutana na kitu kingine: ukuta, bomba, bonde kati ya paa mbili, kofia inayofunika kilele, na misumari yenyewe. Mpira ulio chini ya kichwa cha msumari hukauka na kupasuka kwa jua, na ukikazwa kupita kiasi hupondeka siku ileile ya kwanza.

Ukitumia mpira wa maji kujaribu, anzia chini na upande juu kidogo kidogo huku mtu mwingine akiangalia ndani. Ukianzia juu, maji yatapita kila mahali na hutajua lolote.

"Ongeza matundu ya hewa, mambo yataisha"

Hapa kuna nusu ya ukweli, na nusu nyingine ndiyo inayoozesha mbao. Hewa kavu ikiingia kwenye ukingo wa chini wa paa na kutokea kileleni huondoa mvuke, hilo ni kweli. Lakini dari ikiwa na mianya kuzunguka taa, mabomba na mlango wa kupandia darini, hewa inayotoka kileleni huvuta nyingine yenye unyevu kutoka vyumbani. Feni ya darini huzidisha uvutaji huo. Ziba dari kwanza, ndipo ushughulikie matundu. Na feni ya bafuni itoe hewa nje ya nyumba kabisa. Kuumwaga mvuke darini, jambo linalofanyika kila siku, ni kuhamisha tatizo mahali pasipoonekana.

Karatasi ya plastiki ya kuzuia mvuke ina kosa lake pia. Inapaswa kukaa upande wenye joto. Penye baridi, upande huo ni wa ndani. Penye joto na unyevunyevu, nyumba ikipozwa kwa kiyoyozi, mambo hugeuka: mvuke hutoka nje kuingia ndani. Anayenakili mchoro wa nchi yenye theluji huishia kuyafungia maji ndani ya paa lake.

"Zege halipitishi maji"

Hupitisha, polepole, kupitia vinyweleo na nyufa. Yakifika kwenye nondo huleta kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, ndiyo maana vipande vya zege hubanduka kutoka chini ya slabu. Hata paa linaloitwa bapa linahitaji mteremko. Angalau sentimita 1 kwa kila 80 linapokamilika ni kiwango kinachotumika sana, na wasanifu makini huchora mara mbili yake kwa kuwa ujenzi haufuati mchoro kikamilifu. Lami ikitandazwa juu ya zege ambalo bado lina maji, jua huyageuza kuwa mvuke na lami inavimba malengelenge.

"Kuvu akitokea, klorini kidogo, kisha rangi"

Kuvu aliyekufa bado anaweza kumsumbua mwenye mzio, na aliye hai hutokeza tena chini ya rangi maadamu unyevu upo. Kilicholowa kikaushwe ndani ya saa 24 hadi 48. Jipsamu au pamba ya kuhami joto iliyoshika kuvu iondolewe. Kuhusu mbao, tumia kipimo cha unyevu badala ya kiganja: zikiwa zimebaki juu ya asilimia 20, ziko katika hatari ya kuoza, na dari haipaswi kufungwa bado.