Ini la mnywaji asiyekula

Mtu amekunywa tangu saa moja jioni, chakula hakukigusa. Alfajiri kichwa kinamgonga, anameza parasetamoli mbili, baadaye mbili tena, kisha huyoo, anaenda kuzimua. Sisi wa lishe asubuhi hiyo hututia hofu kuliko hata bia za usiku.

Ini huvunja pombe kuwa asetaldehaidi, ambayo ni sumu, kabla ya kuipoza. Kwa anayekunywa kila siku, ini huongeza kimeng'enya kiitwacho CYP2E1 kisaidie kazi, nacho hutema chembe haribifu za oksijeni zinazobabua kuta za seli. Mzima moto mkuu hapo ni glutathioni, antioksidanti (kinga dhidi ya chembe hizo) ambayo mwili hujitengenezea kwa amino asidi tatu. Inayoadimika zaidi ni sisteini, na hiyo hutoka kwenye mayai, dagaa, kuku, maharage. Kwa hiyo pombe inamaliza akiba, na tumbo tupu halirudishi kitu.

Mboga na matunda nayo yana antioksidanti zake, kama vitamini C na karotini. Pera lina vitamini C takriban mara nne ya chungwa la uzito uleule, na mchicha uliotiwa mafuta kidogo huachia karotini yake vizuri zaidi. Lakini kachumbari pembeni ya nyama choma haifuti bia, tusidanganyane. Vidonge vya virutubishi navyo si mwavuli: Finland, utafiti uliotolewa 1994 kwa wanaume zaidi ya 29,000 wavuta sigara ulionyesha kuwa waliopewa vidonge vya beta-karotini, aina ya karotini hiyo, walipata saratani ya mapafu zaidi, na madhara yalijitokeza hasa kwa wanywaji.

Turudi kwenye parasetamoli. Sehemu yake ndogo hugeuzwa sumu na CYP2E1 ileile, na anayeinasa ni glutathioni ileile iliyokwisha. Mtu mzima mwenye afya asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa saa 24. Mnywaji wa kila siku asiyekula amuulize mfamasia kwanza, maana kiwango chake huwa chini ya hapo. Aliyezidisha aende hospitali siku hiyohiyo, hata akijisikia mzima. Siku ya kwanza huenda asione zaidi ya kichefuchefu, ilhali dawa yake, asetilisisteini, ambayo humpa mwili sisteini ya kutengenezea glutathioni, hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 8.