Kabla hujahesabu vyumba, uliza upepo waingilia wapi

Karibu kila mtu anayekuja kwangu kutaka kuchorewa nyumba huanza na hesabu. Vyumba vinne, kimoja masta, choo cha wageni, stoo, na sitingirumu kubwa "ya watu kukaa". Akimaliza kuhesabu atoa simu anionyeshe picha, na siku hizi picha ni ile ile moja, nyumba ya boksi, paa limefichwa nyuma ya ukuta, upenu hakuna hata inchi sita, vioo kutoka chini mpaka juu, rangi ya kijivu. Ni nzuri, sikatai. Lakini imechorewa watu wanaotafuta joto, na sisi hapa Mombasa joto tunalo la kugawa.

Basi mimi namuacha anywe kahawa yake halafu namuuliza maswali ambayo wengi huona kama nawapotezea wakati. Ploti yako ndefu imelala kutoka wapi kwenda wapi? Upepo wa kaskazi ukivuma, ukisimama pale katikati, wakupiga usoni au kisogoni? Jirani wa mashariki ashajenga ghorofa ama bado? Na mama mzazi mtakaa naye? Asipokuwa na majibu tunapanda tuktuk twende tukaangalie, manake ramani ya hapa pwani ukiichora bila kusimama kwenye ploti ni sawa na kumshonea mtu kanzu kwa kusikia sauti yake kwenye simu.

Tuanze na jua. Mombasa iko kama nyuzi 4 kusini ya ikweta, kwa hivyo jua la mchana liko karibu na utosi mwaka mzima, Juni laegemea kidogo kaskazini, Disemba kidogo kusini. Hilo halinitishi. Ule mwezi wa Juni, saa sita mchana, upenu wa futi 3 watoa kivuli cha zaidi ya futi 5 kwenye ukuta wa kaskazini, dirisha lako lote lishajificha. Jua baya ni la asubuhi, na baya zaidi la alasiri, lile linakuja limelala, lapita chini ya upenu wowote na kuingia mpaka kitandani. Ukuta wa magharibi ukipigwa kuanzia saa tisa mpaka adhana ya magharibi, ule joto wote waufungia ndani, halafu wakurudishia usiku, ushazima taa, wajigeuza huku na huku, ukiushika ni kama washika mtu mwenye homa.

Sasa upepo. Kaskazi, kama Disemba mpaka Machi, yatoka kaskazini-mashariki. Kusi ikishika kuanzia Aprili hivi yatoka kusini na kusini-mashariki. Hebu angalia hapo: zote mbili zina mashariki ndani yake. Yaani upande wa magharibi wa nyumba yako ndio mkia wa upepo karibu mwaka mzima. Na kibla yetu ni kaskazini, karibu kaskazini ya sawasawa kabisa, manake Mombasa na Makka ziko kwenye longitudo zisizopishana hata nusu nyuzi. Mtu hakai chooni akaielekea kibla wala kuipa mgongo, kwa hivyo bakuli la choo nalielekeza mashariki au magharibi, na hili si jambo la kumuachia fundi wa mabomba siku ya mwisho, bomba likishalala kwenye slabu ndio bas tena.

Ukiyaweka haya yote pamoja, nyumba yajichora nusu yenyewe. Iwe ndefu kutoka mashariki kwenda magharibi, madirisha makubwa yatazame kaskazini na kusini, vyumba vya kulala vikae mashariki vikalambe upepo kwanza, na ule upande wa magharibi unaopikwa na jua uwachie vitu visivyolala: jiko, vyoo, stoo, ngazi. Vinakuwa kama ngao. Na harufu ya jikoni yatoka nje, haizunguki ndani.

Hili la harufu nalisema kwa uchungu kidogo. Nyumba ya kwanza kuchora mwenyewe ilikuwa ya shangazi yangu, akataka jiko liwe mbele, upande wa mashariki, apate kuona geti nani anaingia. Nikakubali, nani atabishana na shangazi. Ikaja Ramadhani, alasiri zote sambusa na samaki wa kukaanga, na upepo unasukuma tu kutoka jikoni, sebuleni, koridoo, mpaka ndani ya makabati. Mabuibui yote yananuka pono. Mpaka leo tukikutana kwenye arusi ananusa mkono wa buibui lake halafu ananiangalia, hasemi kitu.

Na tukiwa bado jikoni, tuseme ukweli, nyumba ya familia hapa kwetu ina majiko mawili. Kuna la ndani la gesi, lenye makabati ya kung'ara, la picha. Na kuna la uani ambako ndiko kunakopikwa kweli, makaa, mbuzi ya nazi, sufuria la pilau ambalo halitoshi kwenye sinki lolote linalouzwa madukani. Watu wachora la kwanza tu, halafu nyumba ikishaisha wabandika mabati nyuma kwa haraka, hapo ndipo mvua ya Mei yawanyeshea wanawake wakipika. Mimi nalichora la uani mapema, na paa lake, bomba la maji, benchi la simiti la kukaa na mfereji wa kuoshea samaki. Ndicho chumba kinachotumika kuliko vyote na ndicho cha bei rahisi kuliko vyote.

Kuhusu madirisha ntasema mawili tu. Chumba chenye dirisha upande mmoja hakipati hewa hata dirisha liwe kubwa namna gani, manake upepo hauingii pahali usipoona pa kutokea. Kila chumba cha kulala nakitafutia pande mbili, nikikosa naweka matundu juu ya mlango hewa ipenyeze koridoo. La pili, dirisha la kuslaidi lafunguka nusu tu, nusu nyengine kioo kimekaa pale kukuangalia. Umelipia futi 6 umepata futi 3. La bawaba lafunguka lote. Lakini fundi atakwambia slaidi ndio mtindo.

Sasa watu. Mombasa nyumba haijengewi wenyewe peke yao, kuna wageni, na wageni wetu hawapigi simu kwanza. Nachukua karatasi na kalamu mbili za rangi tofauti, moja nachora njia ya mgeni kutoka getini mpaka alipokaa mpaka chooni mpaka pa kunawa mikono, nyengine nachora njia ya mama mwenye nyumba kutoka chumbani kwake mpaka jikoni mpaka uani. Zikikatana, ramani ina makosa. Nimeona nyumba ya mamilioni ambayo mama akitoka kuoga lazima apite mbele ya sitingirumu, kwa hivyo wakija wanaume afungika chumbani mpaka waondoke, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Wazee wetu walishalimaliza hili zamani. Baraza nje kwa mgeni wa dakika kumi, daka, yaani ukumbi mdogo wa mlangoni, halafu ndani lazima ukate kona ndio uone kitu. Hata zile nyumba za mtaa wa Majengo, vyumba sita na koridoo katikati, zina uani nyuma wanawake wajipe raha zao. Siku hizi majlisi ndogo, chumba cha wageni chenye mlango wake wa nje na choo chake yafanya kazi hiyo hiyo, haihitaji kuwa kubwa, futi 12 kwa 14 na magodoro ya chini wakaa watu wengi kuliko sofa za seti nzima.

Utaniuliza, na kama ploti yangu imelala vibaya? Ploti haikuulizi. Ile ya futi 50 kwa 100 ikiwa ndefu yake ni kaskazini kwenda kusini, ukiijaza nyumba nzima wapata ukuta mrefu wa magharibi na vyumba vya katikati vya giza. Hapo mimi naivunja vipande viwili na kuacha kiwanda, yaani ua wa ndani, katikati, wazi juu, hata futi 12 kwa 12 yatosha. Kila kipande kinapata kaskazi na kusi yake, hewa moto yapandia pale katikati, na watoto wana pa kuchezea mama akiwaona. Wateja wengi hulia, ati napoteza nafasi. Nawaambia ingieni nyumba yoyote ya kale yenye kiwanda saa nane mchana halafu turudi kwenye hii hesabu.

Maji nayo yataka kuwekwa kwenye ramani, si kwenye maombi. Ya mfereji hayaji kila siku, sote twajua, kwa hivyo kuna tangi la chini na la juu. Tangi la lita 5,000 likijaa ni tani 5, na nshaona limewekwa katikati ya slabu ya sebule kwa sababu "hapo ndipo palipokuwa na nafasi". Liweke juu ya vyoo na ngazi, kuta na nguzo zimekusanyika pale, mabomba yenyewe mafupi. Vyoo vya juu vikae juu ya vyoo vya chini, jiko lipakane nao. Na shimo la choo na kisima ni mahasimu, ushauri wa kawaida ni mita 30 kati yao, na ploti ya futi 100 yote ni mita 30 na kidogo, bado hujamuhesabu jirani na shimo lake. Jiwe letu la korali lina matundu, maji machafu husafiri. Kwa ploti ndogo mimi kisima cha kunywa sikichori kabisa.

Karatasi za ardhi fanya kabla hujanijia mimi. Fanya sachi ya hati kwenye ofisi ya ardhi, ujue unanunua ardhi ama unanunua nyumba bila ardhi, nyumba yako na ardhi ya mwengine, mambo yetu ya Mombasa hayo. Na ramani ya kupeleka kaunti ipigwe sahihi na msanifu aliyesajiliwa, si kijana aliyekuchorea kwa simu.

Kuhusu ghorofa. Wengi husema tuanze chini, kijana akioa tutapandisha juu. Vizuri, lakini mwambie injinia leo, ili msingi na nguzo zibebe ghorofa ya baadaye, na ngazi iwe nje au karibu na mlango, yule bibi harusi asipitie sebule ya mama mkwe kila akienda dukani. Halafu vile vyuma mnavyoviacha vimetokeza juu ya slabu mkingoja miaka kumi, chumvi ya bahari itavila. Vifunikeni na konkriti dhaifu ya kuvunjika baadaye. Nimepita Kisauni nikaona vyuma unavivunja kwa mkono kama biskuti.

Chumba cha mzee nakiweka chini, karibu na choo, mlango wa inchi 36, na mlango wa choo chake wafunguka kwa nje. Akianguka ndani mwili utauzuia mlango wa kufungukia ndani, na mtabaki mnasukuma.

Nikishamaliza kuchora, kabla ya kupeleka popote, nanunua mfuko wa chokaa. Twaenda kwenye ploti na kamba, nachora nyumba nzima chini kwa ukubwa wake wa kweli, milango naiacha wazi, na familia yote ije. Naleta kitanda cha kuazima na meza. Wanatembea. Hapo ndipo watu wanajua futi 10 kwa 10 ni kitu gani, manake kwenye karatasi kila chumba ni kikubwa.

Mwezi uliopita tulifanya hivyo Mshomoroni. Baba amefurahia sebule, watoto wamegombania vyumba, mama amesimama kwenye jiko la uani akijifanya anakuna nazi. Nyanya yao, amekaa kwenye kiti cha plastiki kimya kitambo kirefu, akanyanyuka na bakora yake, akaingia chumba chake cha chokaa, akatoka, akafuata koridoo mpaka pale inapopinda, akasimama.

"Mwanangu, jeneza litapinda vipi hapa?"

Kukawa kimya. Baba akasema mama usiseme hivyo. Nyanya akasema, "Nasema. Nitaoshwa humu, nitatolewa humu. Ama mtanisimamisha?"

Tukatafuta ubao wa futi 7, upana futi 2, mimi na kijana mkubwa tukaushika huku na huku. Koridoo ilikuwa futi 3. Haukupinda. Tukajaribu mara tatu tukiruka mistari ya chokaa na nyanya anatuonyesha kwa bakora, "hapo umevunja ukuta, hapo tena". Nikafuta mistari, nikasogeza kuta zote mbili za chumba cha watoto zinazofanya ile kona inchi 16, koridoo ikawa futi 4 na inchi 4 pande zote mbili, ubao ukapita. Kabati la watoto likapungua mlango mmoja na yule mdogo akanuna mpaka tulipomnunulia maji ya dafu. Nyanya akarudi kwenye kiti chake, akaniuliza kama hilo dirisha lake laingiza kusi.